Fundi Saa Mbele ya Tanuri

Fundi saa alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amezungumza naye moja kwa moja. Si kwamba waligombana. Waliishi nyumba moja, walikula meza moja, na kila asubuhi walipungiana mikono mlangoni kabla ya kila mtu kushika njia yake. Ila binti alikuwa kiziwi. Alipokuwa na miaka minne, homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali wiki tatu, ikamrudisha nyumbani mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Shuleni alijifunza lugha ya alama, na mama yake akajifunza pamoja naye. Baba hakujifunza.

Basi mama ndiye aliyekuwa mdomo wa huyu na sikio la yule. "Mwambie asichelewe kurudi," fundi saa alikuwa akisema, macho yake yako kwenye mkate anaoupaka siagi. Mikono ya mama inaruka, ya binti inajibu, kisha mama anasema, "Anasema hatachelewa, na anauliza utaacha lini kumfanya mtoto." Fundi saa anacheka, binti anacheka, chai inanyweka. Ungewachungulia dirishani ungeapa kwamba hapo maongezi hayakauki.

Hakuwa baba mbaya, tuseme ukweli. Miaka ya kwanza alihangaika na mtoto kutoka kwa daktari huyu hadi yule, akanunua kila kifaa cha masikio alichosikia kinasifiwa, na kwa kuwa alikuwa anangoja masikio yarudi, aliona kujifunza alama ni sawa na kukata tamaa. Alipokuja kukubali kwamba hayarudi, mkewe alikuwa amekwisha kuimudu ile lugha kana kwamba alizaliwa nayo, na yeye akaona haya kuanza moja mbele yao. Masomo ya wazazi yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi duka hujaa. Sababu haikosekani ukiitaka. Miaka ikapita, na siku moja akajikuta ana binti wa miaka ishirini na sita mwenye karakana yake mwenyewe uani, na alama anazozijua yeye hazizidi tano: kula, kulala, njoo, hapana, na pole.

Ndipo bibi mzaa mama alipoteleza bafuni kwake, katika mji wa mbali, akavunjika nyonga. Mama akafunga mizigo siku hiyohiyo kwenda kumuuguza, miezi miwili au mitatu. Mlangoni aliwatazama mume na binti, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeacha paka na ndege ndani ya chumba kimoja.

"Mtaweza?"

"Tutashindwaje?" alijibu fundi saa. "Simu zipo."

Simu zilikuwepo kweli. Wiki mbili nzima baba na binti waliandikiana ujumbe wakiwa wameketi meza moja. "Chumvi iko wapi?" "Kopo la kahawa." "Na kahawa?" "Kopo la chumvi. Muulize Mama, si mimi." Yakawa mambo ya jikoni tu, na kilichozidi hapo hakikuandikika. Vidole vya fundi saa viliweza kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, lakini mbele ya herufi za simu viligeuka magogo.

Binti alikuwa mfinyanzi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni raku, uchomaji wenye jina la Kijapani, ambao chombo hakiachwi kipoe ndani ya tanuri. Hutolewa kingali chekundu kama kaa la moto, kikatumbukizwa ndani ya ndoo ya unga wa mbao, unga ukawaka, ndoo ikafunikwa, na moshi ukamalizia kazi iliyoanzwa na brashi. Vyombo hivyo havipikiwi wala havishiki maji. Ni vya kutazamwa. Fundi saa hakuielewa hata chembe. Aliwahi kumwambia mkewe, "Bakuli hulii chakula, jagi linavuja, si ni sawa na saa isiyokwenda?" Mkewe hakulitafsiri hilo. Alimwambia, "Hilo kalale nalo mwenyewe."

Sasa, raku ni kazi ya watu wawili. Tanuri la binti lilikuwa pipa la chuma lililofunikwa juu ya matofali, ndani yake limebandikwa blanketi nene la kuzuia joto, na chini linaingia bomba la moto kutoka kwenye mtungi wa gesi. Saa ya kutoa vyombo ikifika, mmoja analiinua pipa lote na kurudi nyuma nalo, mwingine anaingia na koleo ndefu. Mwenzake wa siku zote alikuwa rafiki yake wa tangu shule, mwanamke mwenye masikio yake mazuri ambaye mama yake mzazi alikuwa mwalimu wa viziwi, naye kwa urefu wake wote walimwita Mlingoti. Lakini Mlingoti alikuwa amejifungua wiki tatu kabla ya siku zake, na mwanamke mwenye kichanga hasogei penye moto na moshi. Na binti, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amepewa rafu nzima kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa mji. Vyombo vilitakiwa Jumamosi asubuhi.

Jumanne mchana fundi saa alipata ujumbe dukani. "Baba, una nguvu za kuinua pipa?"

Akajibu, "Nilibeba magunia kabla hujazaliwa."

"Sikuuliza historia."

Alifunga duka saa tisa, jambo ambalo majirani walilijadili.

Alimkuta binti karakanani, mbele yake vyombo kumi na vinne vilivyokwisha kuchomwa mara ya kwanza, vikavu, vyeupevyeupe kama mifupa. Alikuwa anavipaka glezi. Ni uji mzito wa unga wa kioo na udongo, ambao ukiwa mbichi hauna uzuri wowote. Uzuri wake unatoka motoni. Binti alilichovya bakuli, akalizungusha, akalitoa, akaliacha lichuruzike. Mahali alipotaka moshi upake weusi wake hakupaka kitu. Chini ya kitako alipaka nta, ili glezi isishike hapo na kukigandisha chombo kwenye kibao cha tanuri. Fundi saa alisimama mikono nyuma kama mgeni wa heshima. Baada ya muda binti akampa brashi nyembamba na kibakuli, akamwonyesha ukingo: mstari mmoja, kuzunguka. Fundi saa akaketi, akashusha pumzi, akauvuta ule mstari kwa mkupuo mmoja hadi ulipokutana na mwanzo wake. Hakuna palipovimba, hakuna palipokatika. Binti akalichukua bakuli, akaligeuza huku na huku, akampandishia baba yake nyusi zote mbili. Fundi saa akajisikia kama mtoto aliyepata kumi kwa kumi.

Jumatano asubuhi wakawasha moto. Makubaliano yalikuwa mepesi: binti akiinua ngumi, baba anainua pipa. Waliingiza vyombo vitano. Dakika arobaini binti alikuwa akichungulia tundu la juu akiwa amevaa miwani nyeusi, mpaka glezi iliyokuwa ikitokota kama uji ikatulia na kuanza kung'aa kama kitu kilicholowa. Ngumi ikapanda. Fundi saa, glavu hadi viwikoni, akainua pipa, joto likamchapa usoni, akarudi nyuma hatua nne.

Cha kwanza kikatoka salama. Cha pili, cha tatu. Kila kimoja kikaingia ndoo yake, unga ukawaka, kifuniko kikashuka. Binti alikuwa mwepesi kama mtu anayecheza muziki, na baba yake akamtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kumwona kazini. Ndipo alipoona kwamba chombo cha nne kimegusana na cha tano. Glezi zao zilikuwa zimeyeyuka zikashikana.

"Acha!" akapiga kelele. "Vimeshikana! Usivute!"

Binti alikuwa amempa mgongo. Akavuta. Vyombo vyote viwili vikaja pamoja, vikaning'inia, kisha vikaachana na kuanguka juu ya matofali. Vipande vyekundu vikatawanyika. Kimoja kikatua kwenye unga wa mbao uliomwagika chini, ukawaka puu, na ulimi wa moto ukaipata aproni ya binti kwa nyuma, pembeni ya goti.

"Moto! Nyuma yako! Moto!"

Mara tatu alipiga kelele. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akiwa amekumbatia pipa, alimpigia kelele mtoto ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakusikia hata radi. Mara ya tatu ndipo miguu ilipomzindukia. Akalibwaga pipa, akaruka, akaanza kuipiga ile aproni kwa mikono yote miwili.

Binti akageuka. Alichokiona ni baba yake, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama, anampiga. Akarudi nyuma na kujikinga kwa koleo. Kisha akaona moshi unaotoka miguuni pake, akaona ukingo wa aproni uliounguzwa, akaona vyombo vyake viwili kwenye matofali, vipande vipande.

Akafunga gesi. Akavua glavu. Mikono yake ikasema maneno mengi, ya haraka, makali. Hata asiyejua alama angejua kwamba hayakuwa ya kushukuru. Binti alipoona hakuna linaloingia, akachukua brashi, akaichovya kwenye glezi, akaandika juu ya mbao za meza kwa herufi kubwa:

ULIKUWA UNAMFOKEA NANI?

"Sikukufokea, mama," alisema fundi saa, kwa sauti, kama kawaida yake. "Niliona vimeshikana, nikataka kukwambia—"

Binti alikuwa ameukazia macho mdomo wake. Akatikisa kichwa. Akaandika chini yake: MAMA ANA MIDOMO. WEWE UNA MASHARUBU.

Akafikiri kidogo, akaongeza: MIAKA 22.

Akaiweka brashi taratibu, akaingia ndani. Fundi saa akabaki uani, akiyatazama yale maandishi yanavyokauka na kuzidi kuwa meupe.

Masharubu yale alikuwa nayo tangu kabla ya ndoa. Yalikuwa mazito, yanaufunika mdomo wa juu wote, na wateja walimtambua kwayo. Alhamisi asubuhi aliyanyoa. Ilichukua nyembe mbili. Alipomaliza akajitazama kwenye kioo, akaona amefanana na mdogo wake, ambaye hawapatani, akaguna. Lakini alisema "chumvi", akasema "kahawa", na midomo yote miwili ikaonekana ikifanya kazi.

Mezani binti alimwona, akamwaga chai kidogo. Kisha akaisukuma sahani ya mkate upande wa baba yake.

Siku hiyo duka halikufunguliwa kabisa. Fundi saa alikwenda kwa miguu hadi kwa Mlingoti, akabisha hodi. Mlingoti alifungua mlango na kichanga mkononi, akamtazama uso mzima, akashtuka.

"Baba! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mwanangu. Hongera ya mtoto. Nimekuja kuomba maneno."

"Maneno gani?"

"Ya mikono. Nipe kumi tu, ya penye moto. Subiri. Inua. Shusha. Simama. Vimeshikana. Moto nyuma yako. Hilo la mwisho nianze nalo."

Mlingoti hakucheka. Alimkalisha sebuleni, katikati ya nepi zilizoanikwa kwenye viti, akaanza kumfundisha. Mtoto alikuwa hataki kuwekwa chini, kwa hiyo mwalimu alifundisha kwa mkono mmoja, na mwanafunzi akafuata kama alivyoona. Walirudia na kurudia. Mtoto akalala, akaamka, akalala tena, na fundi saa bado alikuwa akiinua na kushusha pipa lisilokuwepo. Alikosea kwa bidii. Mahali pa "subiri" alimwambia Mlingoti kitu ambacho Mlingoti alikataa kukitafsiri.

"Na jina lake?" aliuliza fundi saa walipopumzika. "Ninyi mnamwitaje?"

Mlingoti akagusa shavu lake kwa kidole kimoja na kukizungusha kidogo. Fundi saa alielewa mara moja: kile kishimo cha shavuni, anapotabasamu.

"Na wewe una lako, Baba. Unalijua?"

"Mimi? Nilipewa na nani?"

"Na yeye. Tangu darasa la tatu." Mlingoti akaunganisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara, akaliweka duara kwenye jicho, akainamisha kichwa upande kidogo, taratibu, kama mtu anayekagua gurudumu dogo kuliko punje ya mchele.

Miaka kumi na nane fundi saa alikuwa na jina, linapita mbele ya macho yake mezani, kati ya mkate na siagi, wala hakujua kwamba anaitwa.

"Huwa anasema nini juu yangu?"

"Mengi. Kwamba uji wako una madonge. Kwamba mkono wako hautetemeki. Kwamba akiingia dukani kwako unamfutia kiti kwanza, hata kama kisafi." Mlingoti akamhamishia mtoto bega la pili. "Halafu kuna jambo moja la kazi. Chombo kikitoka motoni, kabla hakijaingia kwenye unga, glezi inaanza kupasukapasuka kwa ule upepo. Inalia. Ting, ting. Nyufa zile ndizo moshi unaingia na kuchora mistari myeusi. Yeye hasikii, kwa hiyo huhesabu nane. Lakini kuna chombo kinene na kuna chembamba, na nane si ya vyote. Mimi husikiliza, milio ikitosha namwinulia mkono."

"Kusikiliza?" alisema fundi saa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akaketi wima. "Mwanangu, kusikiliza vitu vidogo ndiyo kazi yangu."

Ijumaa asubuhi alimkuta binti amesimama karakanani, vyombo tisa vilivyobaki mbele yake, anavitazama bila kuvigusa. Fundi saa akamgusa bega. Binti alipogeuka, baba yake akazungusha kidole shavuni. Kisha akajionyesha mwenyewe, akaweka duara jichoni. Kisha, polepole, mkono wa kulia tu, wa kushoto umekunjwa kifuani: Pole. Mimi inua. Wewe tazama mimi. Mimi tazama wewe.

Binti aliifuata ile mikono, au tuseme ule mkono, hadi mwisho. Macho yakamjaa. Kisha uso ukamkunjamana. Akaunyooshea kidole mkono wa kushoto wa baba yake na kuuliza kwa kuigiza: huu umevunjika? Fundi saa akautazama, akaelewa, akaigiza Mlingoti akimbembeleza mtoto. Binti akaangua kicheko, akashika meza. Alipopata pumzi, akaukunjua mkono wa baba yake wa kushoto, akamwonyesha upya kila neno kwa mikono miwili.

Wakaingiza vyombo vitano, safari hii wakiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya kimoja na kingine. Hawakuwasha gesi mpaka wakakubaliana mahali pa kusimama, ili asiwepo wa kumpa mwenziwe mgongo. Moto ukanguruma. Binti akachungulia, akamwita baba achungulie pia, akamwonyesha ule uji ukitokota, na baadaye ule utulivu wenye kung'aa. Ngumi ikapanda, pipa likapanda.

Binti alitoa jagi refu, akalishika hewani kwa koleo. Fundi saa aliweka pipa chini, akavua glavu, akaja ubavuni, akaweka mkono begani kwa binti. Akainamisha kichwa.

Ting.

Akagonga bega kwa kidole, mara moja. Binti akashtuka, akamgeukia. Fundi saa akalionyesha jagi, akagusa sikio lake. Ting, ting. Akagonga mbili. Kisha kikaja kimya kidogo, na binti alikuwa hatazami tena uso wa baba; alikuwa anatazama jagi, ameshikilia pumzi. Ikaja moja, zikaja tatu kwa haraka, halafu zikamiminika, na vidole vya fundi saa vikakimbia juu ya bega vikizifuata, cha shahada, cha kati, cha pete, kila mlio kwa wakati wake na kwa uzito wake, ule mkali kwa ncha ya ukucha, ule mzito kwa kidole kizima. Milio ilipoanza kupungua akalibonyeza bega: sasa. Jagi likaingia kwenye ndoo, unga ukawaka, kifuniko kikashuka.

Binti hakusogea kwa nukta nzima. Kisha akakumbuka kwamba kuna vingine vinne vinapoa, akarukia koleo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye mzigo wa pili fundi saa alinogewa na kugonga hata akasahau kubonyeza, na bakuli moja likapasuka pande mbili mikononi mwa koleo. Aliomba radhi kwa mikono yote miwili. Binti akamwambia jambo ambalo alilielewa bila kufundishwa, nalo ni kwamba afadhali hilo kuliko aproni.

Adhuhuri walikaa kwenye vigoda viwili, ndoo ya maji katikati, wakivisugua vyombo kwa waya laini wa sufuria. Masizi yanatoka, na chini yake weupe unajitokeza, mng'avu, umetandwa na mistari myeusi myembamba kama nyuzi. Binti alilishika jagi refu, akapitisha ukucha juu ya mstari mmoja, akagonga bega lake mwenyewe, akamtazama baba yake kwa kuuliza. Kila mstari ni mlio mmoja? Fundi saa akapeleka mkono huku na huku: karibu.

Ikawa kama bomba limefunguliwa. Binti akachukua kipande cha kadibodi na kidole kilichojaa masizi, akaandika: Nini kingine kina sauti sijui?

Fundi saa akafikiri. Akaonyesha ndara za binti, akaigiza anavyoziburura. Akaonyesha kijiko anavyokizungusha kikombeni, akakunja uso. Binti akatoa macho: hata kijiko? Hata kijiko. Lango. Mlango wa kabati. Kisha fundi saa akasita, akamnyooshea kidole, akaigiza mtu anayecheka.

Binti akaandika: Kicheko changu? Kina sauti?

Kubwa, akajibu kwa mikono.

Kiasi gani?

Fundi saa akaitanua mikono yake yote. Haikutosha. Akainuka akanyoosha kidole juu ya ukuta, nyumba ya jirani, akakivusha hadi nyumba ya pili, akakiacha kwenye paa la nyumba ya tatu.

Binti akaziba mdomo kwa kiganja, na masizi yakamwachia ndevu. Alikuwa ameona haya kwelikweli. Akaandika kwa kasi: Kwa nini hamkuniambia!

Hapo alama kumi hazikufika. Fundi saa akaiomba kadibodi. Aliandika muda mrefu, na masizi yakamwishia mara mbili. Mama yako alinikataza. Alisema ukijua utaacha. Nikakubali kwa sababu hata mimi sikutaka uache. Nikiwa dukani siku ya upepo huwa nakisikia.

Duka lilikuwa mtaa wa pili.

Binti alisoma, akasoma tena. Alijikaza, midomo ikamtetemeka, akajaribu kuuzuia ule mdomo kwa mikono yote miwili, ikashindikana. Alicheka mpaka kigoda kikamwangusha. Dirisha la jirani likafunguka, kichwa kikatokeza, na fundi saa akakipungia mkono mweusi kama mtu aliyefikiwa na sherehe.

Jumamosi walipeleka vyombo kumi. Kile cha kumi na moja kilipata ufa njiani kwa uzembe wa mwenye kukibeba, ambaye hatutamtaja, ila alikuwa ndiyo kwanza amenyoa. Watu walisimama mbele ya ile rafu kuliko binti alivyotarajia. Fundi saa alijitolea kutafsiri. Mama mmoja aliuliza kama jagi linaweza kukaa chumba cha kulala, na fundi saa, kwa alama alizokuwa nazo, akamwambia binti yake kwamba mama huyu anaomba alale ndani ya jagi. Wote watatu wakaishia kucheka, na jagi likapata mwenyewe.

Wiki iliyofuata alianza masomo, yeye na wazazi wa watoto wadogo, amekunja magoti kwenye viti vya watoto. Hakuwa hodari. Alichanganya "jana" na "kesho" hadi mwalimu akaacha kumsahihisha. Na Mlingoti aliporudi kwenye tanuri, alikuta kazi ya kuinua pipa imekwisha kupata mtu, ikabidi yeye apewe ndoo.

Mama alirudi mwezi wa tatu, mchana, bibi akiwa anatembea kwa mkongojo na kugombeza kila mtu, dalili njema. Alimtazama mumewe uso ule mpya kwa kitambo, akamshika shavu. Wakaketi kula. Mama akaweka kijiko chini, akaiandaa mikono yake juu ya meza kama alivyozoea, tayari kwa yeyote atakayeanza.

Lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kuanza. Ulikuwa mzozo juu ya blanketi la tanuri: binti anasema limechoka, baba anasema bado, anakosea, anasahihishwa, anarudia, anatafuta neno hewani kwa vidole vyote kumi na binti anamngoja, kidevu mkononi, bila kumsaidia. Walikuwa na alama mbili tatu ambazo mama hakuzijua. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyemwomba kitu. Akakichukua tena kijiko chake, akaonja, akashangaa. Chakula kilikuwa bado cha moto. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokila hivyo katika nyumba ile, akala taratibu, mpaka akamaliza sahani yote.